Ukitoa Gunia

Katika soko la Tunduma kuna swali ambalo mgeni akilisikia kwa mara ya kwanza hudhani masikio yamemdanganya. Mnunuzi ameshika simu mpya mkononi, muuzaji anamtajia ni picha ngapi inaweza kuhifadhi, na mnunuzi, bila dalili ya mzaha usoni, anauliza: "Ukitoa gunia?" Hapo hapana gunia lolote. Pana simu, pana boksi lake, na pana muuzaji ambaye sasa analazimika kutaja namba nyingine, ndogo kuliko ile ya kwanza. Wengi wanaoliuliza swali hilo hawajui lilitoka wapi. Ferista anajua, maana lilitoka mezani kwake, na kabla ya hapo lilitoka kinywani mwa baba yake. Hata hivyo, akilisikia hajitaji. Hukiweka vizuri kitambaa cha kichwani, akaendelea na kazi.

Baba yake, Anyelwisye, alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha kahawa katika vilima vya Ileje, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Isongole. Makarani wengi wa wakati ule walikata kilo moja kwa kila gunia, liwe jipya au chakavu, kavu au lililolowa mvua ya njiani, na mkulima hakuwa na la kusema. Anyelwisye alikuwa na utaratibu wake. Alipima gunia likiwa limejaa, akasubiri kahawa imwagwe, kisha akalitundika gunia tupu kwenye ndoano na kuutazama mshale mpaka utulie kabisa. Hapo ndipo alipotamka, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: "Ukitoa gunia, kilo thelathini na nane na nusu." Foleni ilikuwa ndefu na watu walinung'unika. Wapo waliomuuliza kama atapima na buibui waliomo ndani ya gunia, naye aliwajibu kwamba kama buibui ni wa chama atawapima, kama ni wa mkulima atawarudisha. Lakini hakuna aliyepanda mlima kurudi nyumbani akiwa na shaka moyoni. Ferista, aliyempelekea baba yake chakula cha mchana, alijifunza kutoa kabla hajajifunza kujumlisha, na alijifunzia hapo, chini ya ndoano.

Ilipofika katikati ya miaka ya tisini, wanunuzi binafsi walipanda vilimani na mizani zao wenyewe. Chama kilidhoofika taratibu, kisha siku moja kufuli likafungwa na halikufunguliwa tena. Anyelwisye alirudi nyumbani na ile ndoano, akaining'iniza ukutani juu ya kiti chake. Ferista, wakati huo mama wa binti mmoja aitwaye Brenda, akateremka kwenda Tunduma kutafuta maisha. Alipanga chumba Mpemba, nje kidogo ya mji, akapata nafasi ya meza ya mbao karibu na barabara inayoelekea mpakani, akaanza na tochi na betri za redio. Kila mvua ilipokuja aliikunja biashara yake yote ndani ya turubai na kusimama juu yake kama kuku anayeatamia. Alichokitamani hakikuwa siri kwa mtu yeyote: fremu ya duka yenye mlango, mvua inyeshe nje na yeye abaki ndani.

Mashine za gemu zilifika mezani kwake mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane. Zilikuwa za plastiki ya kijivu, nyepesi kuliko zilivyoonekana, na kila moja ilikuja na pedi mbili za kuchezea na bastola ya kupigia ndege wa kwenye kioo. Kilichozitofautisha na za awali ni kwamba hazikuhitaji kaseti. Gemu zilikuwa ndani ya mashine yenyewe. Uliichomeka kwenye runinga, orodha ikajitokeza, ukachagua. Na juu ya boksi, kwa wino wa dhahabu, palichapwa namba ya gemu zilizomo: tisa saba zilizofuatana, karibu milioni kumi. Tunduma ikaibatiza mashine ile jina la Tisa Saba. Wateja walivuka kutoka Nakonde upande wa Zambia, na madereva wa malori walizinunua wakiwa njiani. Ferista aliziuza bila kujiuliza lolote, kama jirani yake Masumbuko, mtu wa bondeni kwa wafuga ng'ombe, alivyoziuza kwenye meza ya pili.

Aliyemfanya ajiulize ni mwalimu wa hesabu kutoka Itumba, kulekule Ileje, jina lake Tuntufye. Alikuwa amenunua Tisa Saba kwa ajili ya likizo ya Krismasi, na mwezi Januari alisimama mbele ya meza akiwa na daftari la mistari. Hakuja kurudisha mashine wala kudai chochote. Alieleza, kwa upole uliokuwa mgumu kuustahimili kuliko matusi, kwamba yeye na mkewe walicheza wakifuata orodha na kuandika, na kwamba kabla hawajafika mia moja, mchezo wa vifaru vya vita ulikuwa umejirudia mara nne: mara anga limebadilishwa rangi, mara umeanzia hatua ya tano, mara umeongezewa maisha. Ferista alimjibu kwamba namba ile ilichapwa kiwandani, si yeye aliyeiandika. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akafunga daftari lake.

"Najua, dada," alisema. "Nilikuja tu kwa sababu niliambiwa wewe ni binti wa Anyelwisye. Baba yangu alipimiwa naye kahawa miaka kumi na sita."

Akaaga na kuondoka. Ferista alibaki ameshika boksi, na kwa mara ya kwanza akaiona ile namba ya dhahabu kama uzito uliotamkwa kabla gunia halijatolewa.

Alianza kuhesabu wiki ile ile. Aliazima runinga ndogo ya rangi, akaiweka chumbani Mpemba, na kila Jumapili baada ya ibada, na kila alasiri ambayo mvua ililifukuza soko, alikaa na pedi mkononi na karatasi magotini. Kazi haikuwa rahisi kama alivyoitarajia. Kufika mwisho wa orodha hakukuwezekana, lakini alipovuka mia tatu aligundua kwamba orodha nzima ilianza upya kwa mpangilio ule ule. Kilichobaki kilikuwa kuamua, ndani ya hizo mia tatu, ni upi mchezo na upi ni mchezo ule ule uliovalishwa vazi jingine. Swali hilo lilimsumbua kuliko hesabu yenyewe. Mwanasesere akipewa kofia, ni mtu mwingine? Ndege wakiruka wawili badala ya mmoja, ni mawindo mapya? Mara nyingine alifuta alichokiandika asubuhi, akakirudisha jioni, na kujiona kama mtu anayebishana na kivuli chake.

Katikati ya kazi hiyo Anyelwisye alishuka kutoka Ileje kuja kumsalimia mjukuu wake, akakuta mwanawe anapima kitu. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alivuta kigoda karibu na runinga, akaomba pedi, na kwa siku tisa alikuwa karani tena. Michezo ya nyongeza aliikataa bila huruma. Ferista akimwonyesha mchezo ulioanzia hatua ya tano, mzee alisema gunia. Anga jekundu, gunia. Maisha thelathini badala ya matatu, gunia, tena gunia lililolowa. Kati ya michezo yote aliupenda ule wa vifaru, ambao kazi yake ni kulinda ngome isibomolewe, na aliucheza vibaya sana kwa moyo wote, akimlaumu Brenda kwa kupita mbele ya kioo hata Brenda alipokuwa shuleni.

Walitofautiana mara moja tu. Vifaru vilikuwa namba sita kwenye orodha, kwa mchezaji mmoja. Namba ishirini na tisa vilikuwa vifaru tena, lakini vya wachezaji wawili, kila mmoja na pedi yake. Ferista alisema ni gunia. Mzee akakataa.

"Hapa tuko wawili," alisema. "Watu wawili wana uzito. Huwezi kuniita mimi gunia."

Ferista alitaka kumjibu, lakini akaitazama mikono mikubwa ya mzee ilivyoikumbatia ile pedi ndogo. Akaandika namba ishirini na tisa kama mchezo unaojitegemea. Jumla ikawa arobaini na mbili. Siku iliyofuata alinunua kalamu ya wino mzito, akakata namba ya dhahabu kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake, juu ya kila boksi, akaandika: *Ukitoa gunia, 42.*

Soko zima lilicheka. Masumbuko, ambaye alimwita shemeji kwa sababu ya utani tu, alitangaza kwamba Mama Brenda anauza gemu zilizopungua njiani. Wateja wengine walisoma arobaini na mbili wakadhani ni saizi, wakamuuliza kama anazo kubwa zaidi. Wengine walielewa kwamba meza moja ina mashine ya gemu karibu milioni kumi na ya jirani ina mashine ya gemu arobaini na mbili, kwa bei ile ile, na hawakuona sababu ya kusita. Ferista alieleza mpaka sauti ikamkauka. Ilikuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba kilichokuwa mezani kwake ndicho kilichokuwa mezani kwa Masumbuko, na kwamba tofauti pekee ilikuwa wino. Februari ikaisha, Machi ikaingia, na mabosi wenye fremu waliokuwa wakimsalimia kwa jina sasa walimpita. Kuna nyakati aliishika ile kalamu na kujiuliza kama alichokuwa akikilinda ni ukweli au ni kiburi cha ukoo, na hakupata jibu lililomridhisha.

Ndipo akaja Watson. Huyu alikuwa Mzambia wa makamo, mwenye maduka mawili Kasama, aliyewahi kuwa mtunza stoo wa mgodi kule Kitwe hadi mgodi ulipouzwa na stoo kupewa watu wengine. Alisoma maboksi ya meza zote mbili kwa muda mrefu, kisha akanunua mashine moja kwa Ferista na moja kwa Masumbuko. Alisema, mbele yao wote wawili, kwamba baada ya Pasaka anahitaji arobaini, na nyingine kila baada ya miezi mitatu, na kwamba atazichukua kwa yule ambaye namba yake itasimama. Masumbuko alicheka. Ferista hakucheka. Mashine arobaini, na nyingine baada yake, zilikuwa mlango wa fremu. Usiku huo na siku zilizofuata hakuhesabu gemu tena. Aliamini hesabu yake.

Watson alirudi Jumanne baada ya Pasaka, asubuhi, na matoroli mawili matupu yakimfuata, na kwapani alikuwa na kitabu kirefu cha stoo chenye jalada gumu.

"Mwapoleni, bamayo," alimwamkia Ferista kwa Kibemba, akimwita mama, na akaitikiwa kwa heshima ile ile. Kisha akafungua kitabu. "Namba ya jirani yako sitaizungumzia, yeye mwenyewe anajua. Nimekuja kwa ajili ya yako. Umeandika arobaini na mbili. Mimi nimepata arobaini na moja. Nimehesabu mara tatu."

Watu walishaanza kusogea. Masumbuko aliweka mikono kiunoni na kuligeukia soko kama mtu aliyekabidhiwa kipaza sauti.

"Haya, jamani, mmesikia wenyewe. Mwongo mkubwa ni mimi, mwongo mdogo ni shemeji. Tofauti yetu ni saizi, kama viatu."

Kicheko kilikuwa kikubwa, na hakikuwa cha uadui. Pengine ndiyo maana kilimchoma Ferista zaidi. Aliomba umeme na runinga kwa fundi redio wa jirani, akaiwasha mashine juu ya meza yake, akamkabidhi Watson pedi ya pili. Walipita orodha pamoja, yeye akisoma karatasi yake na Watson akisoma kitabu chake, na kila mchezo uliokubalika pande zote mbili uliwekewa alama. Tano za kwanza ziliafikiana. Sita, vifaru, zikaafikiana. Kumi, kumi na tano, ishirini. Watu walisukumana kwa viwiko ili wakione kioo. Walipofika ishirini na tisa, vifaru viwili vikajitokeza chini ya kioo, kimoja kila upande wa ngome.

Watson aliiweka pedi yake mezani, akaondoa mikono.

Kifaru chake kilisimama pale pale kilipozaliwa. Maadui wakakipiga, kikatoweka, kikazaliwa tena, wakakipiga tena, mpaka maisha yake yakaisha na kikabaki kifaru cha Ferista peke yake. Ngome ilikuwa ile ile. Kuta zilikuwa zile zile, tofali kwa tofali. Kila adui alitokea kwenye kona aliyotokea katika namba sita.

"Mtu wa pili akiondoka," alisema Watson taratibu, "hii ni namba sita, bamayo."

Ferista alijua majibu ya kumpa. Angeweza kusema kwamba mchezo wa wawili una mbinu zake, kwamba wachezaji hugawana kazi, mmoja akalinda na mwingine akashambulia, na nusu ya waliosimama pale wangemuunga mkono. Hoja ilikuwepo na ilikuwa nzuri. Lakini aliisikia kwa sauti ya baba yake, akaikumbuka ile mikono na ile pedi, na akaelewa kwamba siku ile hakushindwa hoja. Alikataa tu kulitundika gunia moja kwenye ndoano, kwa sababu lilikuwa la baba.

Alizima mashine. Akatoa kalamu ya wino mzito kwenye pindo la khanga yake. Juu ya meza palikuwa na maboksi kumi na moja, na alianza na la kwanza kushoto: akaikata arobaini na mbili kwa mstari ulionyooka, akaandika pembeni yake arobaini na moja. Akalisogeza, akachukua la pili. Hakuharakisha na hakumtazama mtu. Masumbuko alitupa neno moja la mzaha kwenye boksi la tatu, na jingine, dogo zaidi, kwenye la tano. Kufikia la saba alikuwa akiufuata tu mkono wa Ferista kwa macho, kama wenzake. Ferista alipomaliza la kumi na moja alifunga kalamu.

"Ukitoa gunia," alisema, na sauti yake ilifika mwisho wa umati bila yeye kukusudia, "arobaini na moja."

Watson aliandika mstari kwenye kitabu chake. Alisema kwamba katika miaka yake ya stoo alikuwa amekutana na watu wengi waliokosea kwa moja, na wachache mno waliokubali kulifuta kosa hilo mchana, watu wakitazama. Akaagiza maboksi yote kumi na moja yapakiwe kama yalivyo, na mistari yake yote miwili, na ishirini na tisa yaliyobaki yafuate mwezi huo, kila moja likiwa na mwandiko wa Ferista.

"Kasama watauliza kwa nini namba imekatwa mara mbili," alisema huku akifunga kamba ya toroli. "Ndicho ninachotaka waulize."

Wiki mbili baadaye Masumbuko alijisogeza mezani kwa Ferista, akaangalia upande wa barabara kana kwamba anasubiri lori, akanyoosha mkono. "Shemeji," alisema, "hebu niazime hiyo kalamu." Ferista alimpa bila kumtania, lakini soko halikumwacha: kwa mwaka mzima waliomwona Masumbuko walimuuliza anavaa kiatu saizi gani. Na neno la gunia likahama kutoka kwenye mashine za gemu kwenda kwenye betri, kutoka kwenye betri kwenda kwenye mifuko ya saruji, na hatimaye kwenye simu, likisafiri bila jina la mtu.

Fremu aliipata mwaka uliofuata, kabla ya masika. Ilikuwa nyembamba, imebanwa kati ya duka la vitenge na fundi saa, lakini ilikuwa na mlango wa chuma wa kukunja, na mvua ya kwanza ilipokuja Ferista alivuta kiti hadi kizingitini, akakaa kuitazama ikinyesha nje, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu afike Tunduma. Juu ya rafu ya mwisho aliweka boksi moja tupu ambalo Watson alikuwa amemrudishia kwa ombi lake, lenye namba tatu, mbili zikiwa zimekatwa.

Jambo moja lilikuwa bado halijafanyika, na alikuwa ameliahirisha kwa visingizio ambavyo havikumdanganya hata yeye. Baba yake hakuwa ameambiwa. Anyelwisye alipokuja kuiona fremu, alizunguka ndani kwa hatua chache zilizotosha kuimaliza, akagonga mlango wa chuma kwa kifundo cha kidole, akaridhika. Kisha akainua macho na kuliona boksi. Ferista alilishusha, akampa, na akamweleza yote: kitabu cha Watson, kifaru kilichosimama, kalamu. Alipofika kwenye namba ishirini na tisa alimtazama usoni, kwa sababu aliona ni haki yake kutazamwa.

Mzee alilishika boksi mbali na macho, kama alivyokuwa akiishika mizani. Akasoma namba ya dhahabu. Akasoma ya pili. Kwenye ya tatu alikawia, na kidole chake kikapita juu ya mstari wa wino, polepole, kikipima kama umenyooka.

"Kwa hiyo lilikuwa gunia langu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na ulilitundika mbele ya watu."

"Ndiyo, baba."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, na Ferista, aliyemfahamu, aliona kwamba mzee anajitahidi kuuficha uso wake usionekane umefurahi kiasi kile. Akalirudisha boksi mwenyewe juu ya rafu, akalinyoosha hadi maandishi yakatazama mlangoni, mahali ambapo mteja anayeingia hawezi kukosa kuyaona. Kisha akakaa mbele ya runinga ya dukani, akanyoosha mkono kuomba pedi ya pili.

"Namba nimekubali," alisema. "Sasa weka ishirini na tisa, tucheze."